Lawama Zinazovushwa Bahari: Waingereza na Kinyongo Chao kwa Marekani

Tarehe 2 Mei 2021 mashabiki wa Manchester United walivunja ulinzi, wakaingia hadi kwenye nyasi za Old Trafford, na mechi yao na Liverpool ikaahirishwa. Huku kwetu vibanda umiza vilikuwa vimekwishajaa watu wanaosubiri mpira uanze. Wiki mbili kabla yake, Aprili 18, vilabu sita vya England vilikuwa vimetangaza kujiunga na Super League ya Ulaya, ligi mpya ya vilabu vikubwa, na ndani ya siku mbili vyote vikajitoa kwa aibu. Maneno yaliyosikika mitaa ya Manchester na London yalikuwa ya namna moja: Wamarekani hawaujui mpira, wanataka ligi isiyo na kushuka daraja kama michezo ya kwao, wamekuja kuchuma tu. Familia ya Kimarekani ya Glazer, iliyoinunua United mwaka 2005 kwa fedha za mkopo kisha ikaitwika klabu yenyewe deni hilo, ikageuzwa kuwa sura ya nchi nzima.

Mashabiki walikuwa na haki ya kukasirika. Klabu iliyokuwa haina deni ilianza kulipa riba ya mikopo iliyotumika kuinunua, na huo ni unyang'anyi hata kama mahakama haiuiti hivyo. Lakini sheria iliyoruhusu klabu inunuliwe namna ile ni ya Uingereza, na bodi za vilabu vya England zilikuwa zimekwishaona faida ya fedha za televisheni tangu Ligi Kuu ilipojitenga mwaka 1992. Tena kati ya vilabu sita vya Super League, vitatu havikuwa vya Wamarekani: Chelsea ilikuwa ya Mrusi, Manchester City ya Abu Dhabi, na Tottenham ya Waingereza. Nusu nzima ya kosa haikuwa na pasipoti ya Marekani, ila hasira iliona njia moja tu ya kupita.

Njia hiyo imechimbwa kwa muda mrefu. Kinyongo cha Waingereza kwa Marekani kina sababu za kweli, nyingine nzito sana. Lakini kwa miaka 80 sasa kimekuwa kikiwaokoa watawala wa London wasihesabiwe: jambo linaamuliwa London, linatiwa saini London, kisha hasira ya wananchi inavushwa Atlantiki na kupelekwa Washington.

Wengi hudhani hisia hizi zilianza na vita vya Iraq, au na Donald Trump. Zimetangulia mbali. Makoloni ya Marekani yalipojitenga na Uingereza, na hata askari wa Uingereza walipoichoma moto Washington mwezi Agosti 1814, kilichobaki hakikuwa chuki ya vita. Biashara ilirudi haraka, na pamba ya Kusini mwa Marekani ikawa uhai wa viwanda vya Lancashire. Kilichowakera wakubwa wa Uingereza ni mfano. Ng'ambo ya bahari palikuwa na nchi inayosema Kiingereza, isiyo na mfalme wala makabaila, ambako seremala alizungumza na mwenye shamba bila kuvua kofia. (Mtumwa, bila shaka, hakuwa na nafasi hiyo.) Wasafiri wa miaka ya 1830 na 1840 walirudi na habari za watu wanaotema tumbaku sakafuni, wanaokula mbiombio, wanaojisifu bila kuulizwa. Charles Dickens alikwenda mwaka 1842 akiwa na dai la haki kabisa: vitabu vyake vilichapwa huko bila yeye kulipwa, na Marekani haikuwalinda waandishi wa nje hadi mwaka 1891. Alilalamika hadharani, magazeti ya huko yakamshambulia, naye akarudi nyumbani akiwa amekata tamaa na jamhuri aliyokwenda kuihusudu.

Mafundi na vibarua waliitazama Marekani kwa jicho jingine. Wafuasi wa vuguvugu la Chartist, waliodai haki ya kupiga kura tangu mwaka 1838, waliiona kuwa ushahidi kwamba mtu wa kawaida anaweza kupiga kura na nchi isianguke. Tofauti hiyo ilionekana wazi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861. Pamba ilipokatika, viwanda vya Lancashire vilifungwa na maelfu wakabaki wakitegemea sadaka. Wengi wa tabaka la juu walilitakia heri jeshi la Kusini, lililotetea utumwa, na meli ya kivita Alabama, iliyojengwa Birkenhead, ilienda kuzamisha meli za Kaskazini. Mwaka 1872 wasuluhishi waliokutana Geneva waliiamuru Uingereza ilipe dola milioni 15.5. Vita vikiendelea, wafanyakazi wa Manchester walikutana tarehe 31 Desemba 1862 na kumwandikia Rais Abraham Lincoln kwamba wako upande wake dhidi ya utumwa. Wako waliotaka Kusini ishinde ili pamba irudi, maana njaa ilikuwa njaa. Lakini barua ile ilifika, Lincoln akaijibu Januari 1863, na sanamu yake imesimama Manchester hadi leo.

Ninakaa hapa kwa sababu dharau ile ya kitabaka haikufa. Lafudhi ya Mmarekani, sauti yake kubwa, namna anavyotaja mshahara wake mezani: mambo haya yanachekwa na Waingereza ambao babu zao walikuwa wachimba makaa ya mawe. Wamerithi kejeli ya mabwana waliowakandamiza wao wenyewe.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyogeuza mambo. Kabla yake aliye juu alimdharau aliye chini; baada yake aliyeshuka alimtazama aliyepanda. Mwezi Septemba 1940 Marekani ilitoa meli za kivita kuukuu 50, na kwa upande wake ikapata haki ya kujenga kambi katika makoloni ya Uingereza kwa miaka 99. Machi 1941 ukaja mpango wa Lend-Lease, silaha na chakula bila malipo ya papo kwa papo. Kisha Agosti 1945, siku chache baada ya Japani kusalimu amri, Rais Truman akaukata mpango huo ghafla. Mchumi John Maynard Keynes akapelekwa Washington, akitumaini kupata zawadi au angalau mkopo usio na riba. Alirudi na mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2, wa kulipwa kwa mafungu ya kila mwaka 50, pamoja na sharti kwamba paundi iweze kubadilishwa kwa dola bila kizuizi. Sharti hilo lilipoanza kutumika Julai 1947, dola zilimwagika nje kwa kasi hata serikali ikalisimamisha tarehe 20 Agosti. Fungu la mwisho la deni lililipwa Desemba 2006.

Mkate haukuwahi kuwekwa kwenye mgawo wakati wa vita. Uliwekwa Julai 1946, nchi ikiwa imeshinda, na ukabaki hivyo miaka miwili. Mgawo wa nyama uliisha mwaka 1954. Mama wa nyumbani wa Leeds aliyesimama foleni na kadi yake, kisha jioni akaenda sinema na kuona jiko la Kimarekani lenye jokofu lililojaa, hakuhitaji mwanasiasa wa kumfundisha uchungu. Mbunge wa Conservative, Robert Boothby, aliliambia Bunge kwamba himaya inauzwa kwa pakiti ya sigara.

Masharti yalikuwa magumu, na Washington ilijua inachokifanya: ilitaka kuubomoa ukuta wa biashara wa himaya ya Uingereza. Hilo sitalipunguza. Ila fedha zile zilikwenda wapi? Serikali ya Clement Attlee ilijenga huduma ya afya ya taifa, kazi ya heshima kubwa, na papo hapo ikaendelea kulisha askari Palestina, Misri, Ugiriki na Malaya. Keynes mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 1946, alilalamika kwamba matumizi ya kijeshi nje ya nchi yanaumaliza mkopo. Huo ulikuwa uamuzi wa London. Aliyesimama foleni aliambiwa habari za riba ya Wamarekani, hakuambiwa gharama ya kubaki na himaya. Na mpango wa Marshall, msaada wa Marekani kwa Ulaya, ulipokuja mwaka 1948, Uingereza ndiyo iliyopata fungu kubwa kuliko nchi yoyote, ingawa katika kumbukumbu za watu ni deni tu lililobaki.

Kuna tukio la wakati wa vita ambalo kila nikilisoma nashindwa kulipita. Kabla ya shambulio la Normandy la Juni 1944, Wamarekani zaidi ya milioni moja walikuwa Uingereza. Walilipwa mara kadhaa ya askari wa Kiingereza, walikuwa na chokoleti na sigara, na wenyeji wakatunga maneno: wanalipwa kupita kiasi, wana tamaa kupita kiasi, na wako hapa. Jeshi lao lilikuwa la ubaguzi. Katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, maofisa wa Kimarekani walipotaka baa ziwabague askari weusi, wenyeji walibandika vibao vya kuwakaribisha weusi peke yao. Usiku wa tarehe 24 Juni 1943 askari polisi weupe wa Kimarekani na askari weusi walirushiana risasi kijijini hapo, na askari mmoja mweusi akauawa.

Watu wa Bamber Bridge walifanya jambo jema na wanastahili sifa yao yote. Lakini mwaka huohuo, chini ya bendera yao, hoteli za Nairobi hazikumpokea Mwafrika, na vijana wa King's African Rifles walikuwa njiani kwenda kuipigania Uingereza huko Burma. Mwanakijiji huenda hakujua. Wizara ya Makoloni ilijua. Tangu hapo ubaguzi wa Wamarekani ukawa jambo Waingereza wanalolisimulia vizuri kuliko wa kwao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani kuna methali inayoifaa zaidi siasa ya Uingereza baada ya 1945.

Suez ndipo lawama hizi zilipopata umbo lake kamili. Nasser, rais wa Misri, aliutaifisha Mfereji wa Suez Julai 26, 1956. Mwezi Oktoba mawaziri na maofisa wa Uingereza, Ufaransa na Israel walikutana kwa siri Sèvres, karibu na Paris, wakapanga Israel ishambulie ili wao waingie kwa kisingizio cha kuamulia. Rais Eisenhower wa Marekani hakuambiwa. Paundi ilipoanza kuporomoka, Marekani ikakataa kuisaidia mpaka majeshi yaondoke, na yakaondoka. Wabunge zaidi ya 100 wa Conservative walitia saini hoja ya kuilaumu Marekani kwa kuhatarisha muungano. Waziri Mkuu Anthony Eden alisimama Bungeni tarehe 20 Desemba akakana kwamba alijua mapema Israel ingeshambulia. Alidanganya, na Januari akajiuzulu kwa sababu ya afya. Katika vitabu vya shule na katika mazungumzo, Suez imebaki kuwa siku Marekani ilipoisaliti Uingereza, ilhali aliyelisaliti Bunge la Uingereza aliitwa Eden.

Toka hapo chuki ya mrengo wa kulia ilijificha ndani ya adabu. Harold Macmillan, aliyemrithi Eden, alipenda kuwafananisha Waingereza na Wagiriki wa kale, wenye hekima ya kuwafunza Warumi wapya. Dean Acheson, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, aliposema Desemba 1962 kwamba Uingereza imepoteza himaya na bado haijapata nafasi mpya, kelele zilizopigwa London zilithibitisha kwamba mkuki umefika ulipolengwa. Mwezi huohuo, huko Nassau, Macmillan mwenyewe aliiomba Marekani na kupewa makombora ya nyuklia ya Polaris. Hata leo makombora ya nyambizi za Uingereza hutoka katika ghala moja na ya Marekani, Kings Bay, Georgia.

Mrengo wa kushoto nao ulikuwa na hoja zake, na nyingi zilikuwa bora: maandamano dhidi ya vita vya Vietnam mbele ya ubalozi wa Marekani Grosvenor Square mwaka 1968, wanawake waliopiga kambi Greenham Common, England, tangu 1981 kupinga makombora ya Marekani yaliyowasili 1983. Sifa kubwa ya Greenham, kwangu, ni kwamba wale wanawake walijua serikali iliyoyakaribisha makombora hayo ni ipi, wakaisumbua hiyo. Na Vietnam yenyewe ina somo linalosahaulika. Rais Lyndon Johnson alimbana sana Waziri Mkuu Harold Wilson apeleke japo kikosi kidogo. Wilson alikuwa na paundi dhaifu na alihitaji dola za Marekani kila siku. Hakupeleka hata kikosi kimoja. Kwa hiyo London inaweza kukataa.

Waziri Mkuu Tony Blair hakukataa. Tarehe 28 Julai 2002, miezi minane kabla ya vita, alimwandikia George W. Bush: nitakuwa nawe, liwalo na liwe. Februari 15, 2003 watu wengi kuliko maandamano yoyote yaliyowahi kuonekana London walijaa barabarani. Robin Cook alijiuzulu uwaziri Machi 17, na siku iliyofuata Bunge likapiga kura: 412 waliunga mkono, 149 walikataa. Askari 179 wa Uingereza walikufa Iraq, na Wairaki raia walikufa kwa maelfu mengi mno. Blair akapewa jina la kijibwa cha Bush, likachorwa katika vibonzo kila wiki. Mimi naliona jina hilo kuwa la huruma mno kwake. Kijibwa hakina akili ya kuchagua. Blair alichagua, akaandika ahadi yake kwa kalamu yake, na wabunge 412 wakanyoosha njia. Ripoti ya Chilcot, uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita hivyo, ya Julai 2016 iliyaeleza haya kwa urefu, ila mpaka leo ukitaja Iraq katika mji wa Kiingereza, jina la kwanza utakalosikia mara nyingi ni la Mmarekani.

Mwaka huohuo wa 2016 Kenya iliingizwa katika ugomvi huu. Barack Obama alifika London mwezi Aprili kuwashauri Waingereza wasijitoe Umoja wa Ulaya, akasema wakijitoa watakuwa nyuma ya foleni katika kutafuta mkataba wa biashara. Kumwambia mwenyeji hivyo si uungwana, na aliyekasirika alikuwa na haki. Lakini Boris Johnson, mwanasiasa aliyepigania kujitoa, alijibu gazetini kwa kuleta habari ya sanamu ya Churchill iliyoondolewa ofisini Ikulu ya Marekani, akaandika kwamba wapo waliosema ni ishara ya rais mwenye sehemu ya Ukenya kurithi chuki kwa himaya ya Uingereza. Hapo sera za biashara ziliwekwa kando, ikabaki damu ya mtu. Mwaka 1959 Tom Mboya alipofanikisha safari ya ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani, maofisa wa kikoloni hawakufurahi, wakazidharau shahada za huko. Baba yake Obama alikwenda Hawaii kusoma mwaka huohuo. Kilichomkera ofisa wa 1959 na kilichoandikwa na Johnson 2016 vina ukoo mmoja: mtu aliyekuwa chini yao amepitia Marekani na kurudi akiwa juu.

Linaloniuma kuliko yote limefanyika katika bahari hii yetu. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, koloni lililokuwa linaelekea uhuru, ikaviita eneo lake jipya. Marekani ilitaka Diego Garcia iwe kambi, bila wenyeji. Desemba 1966 nchi hizo mbili zilipatana, na Uingereza ikapunguziwa dola milioni 14 katika bei ya Polaris, jambo ambalo Bunge halikuambiwa. Wenyeji, karibu watu 1,500 hadi 2,000, wengi wao wazao wa watumwa walioletwa kutoka Madagascar na Msumbiji, walihamishwa kati ya 1968 na 1973 na kutelekezwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao walikusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari. Ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, Denis Greenhill, aliwaandika katika waraka kuwa ni akina Tarzan wachache wasiojulikana asili yao. Maneno hayo yalitoka London.

Ndiyo, aliyekitaka kisiwa kitupu ni Mmarekani, na ndege zilizoruka Diego Garcia kwenda kupiga Iraq na Afghanistan ni zake. Lakini aliyeuambia Umoja wa Mataifa kwamba huko hakuna wenyeji, ila vibarua wa mkataba, alikuwa Mwingereza. Aliyewanyima kurudi, hata baada ya mahakama kuu ya London kuwapa ushindi mwaka 2000, alikuwa Mwingereza: mwaka 2004 serikali ya Blair ilitumia amri ya Malkia, bila kupitia Bunge, kuifuta haki hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Februari 2019, kwa kura 13 dhidi ya 1, kwamba Uingereza inapaswa kuviachia visiwa hivyo haraka iwezekanavyo.

Mkataba uliotiwa saini na London na Mauritius tarehe 22 Mei 2025 ulikusudia kuirudishia Mauritius mamlaka na kuiacha kambi kwa miaka 99. Kwa mkataba huo visiwa vingine vya Chagos vingeweza kukaliwa tena na wenyewe. Diego Garcia, ambako wengi wao walizaliwa, haikuwamo. Wachagos wanaoishi Crawley, kusini mwa London, walilalamika kwamba hawakushirikishwa katika mazungumzo hayo. Wao hawakuwa na haja ya kuutafuta ubalozi wa Marekani. Walikwenda mahakamani London, mlango uleule waliofungiwa.